Nyenzo za Kufyonza Sauti: Kusoma Namba Kabla ya Kununua



Darasa lenye kuta za saruji na paa la bati humchosha mwalimu, tena humnyima haki yake mtoto aketiye nyuma. Maneno hutamkwa sawasawa, lakini mwangwi wa neno la kwanza hulimeza la pili. Dawa yake ni nyenzo zifyonzazo sauti. Na kwa kuwa nyingi hununuliwa kwa michango ya wananchi, yafaa kamati za ujenzi zijue kuisoma namba ya ubora wake.

Namba hiyo huitwa NRC. Sifuri maana yake sauti yote hurudi. Moja, yote hufyonzwa. Hupatikana kwa wastani wa vipimo vya masafa manne: hezi 250, 500, 1000 na 2000. Kwa hiyo haielezi lolote kuhusu mngurumo mzito wa ngoma ulio chini ya masafa hayo.

Profesa Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alianza utafiti wake mwaka 1895, alipotakiwa kurekebisha ukumbi wa mihadhara usiosikika vizuri. Aliingiza humo matakia ya viti vya ukumbi mwingine, akapima muda wa mwangwi kufifia. Kanuni yake ni hii: ujazo wa chumba huzidishwa kwa 0.161, kisha hugawanywa kwa jumla ya ufyonzaji.

Mathalani, darasa tupu lina urefu wa mita 10, upana mita 6 na kimo mita 3. Ikiwa kila upande hufyonza 0.03, mwangwi hudumu takriban sekunde 4.5. Dari yote ikiwekwa nyenzo ya 0.70, muda hushuka hadi takriban sekunde 0.6, nayo masomo husikika.

Tahadhari ni tatu. Trei za mayai ni nyepesi mno, hazifai kitu kwa sauti nzito. Pili, kufyonza si kuzuia: kelele za jirani huzuiwa na ukuta mzito usio na mianya, si sponji. Tatu, sponji ya magodoro hushika moto upesi.

Basi, kabla ya malipo, kamati idai cheti cha maabara chenye kipimo cha kila masafa, unene uliopimwa na uthibitisho wa usalama dhidi ya moto. Muuzaji asiye navyo anauza maneno matupu.