Ovahoo ya Land Rover: Tutengeneze Injini, Tuondoe na Chanzo

(Maneno ya kitengo cha usafiri kwenye mkutano wa kamati za parokia na wafadhili)



Tumeombwa kueleza kwa nini tunapendekeza Land Rover Defender yetu ifanyiwe ovahoo, yaani injini ifunguliwe yote na kuundwa upya, badala ya kuuzwa kama skrepa. Gari hili hupeleka wauguzi na chanjo vigangoni, na masika ndilo linalowafikisha akina mama wajawazito hospitalini. Defender za umbo hili ziliacha kutengenezwa Januari 2016, hivyo hatuwezi kuagiza jipya la namna hii.

Injini yake ni 300Tdi, dizeli ya silinda nne na lita 2.5, aina iliyoanza kufungwa katika Defender mwaka 1994. Bloku ni ya chuma, lakini silinda hedi ni ya aluminiamu. Maji yakipungua injini ikachemka, hedi hupinda, gasketi huungua na maji huingia kwenye silinda. Dalili tunaziona: maji yanapungua bila kuvuja nje, na moshi mweupe hauishi hata injini ikishapata moto.

Ndugu zetu, ovahoo si kubadilisha ringi tu. Kila silinda na krankshafti vipimwe kwa maikromita. Palipolika pachongwe, kisha zinunuliwe pistoni na beringi za saizi inayolingana. Hedi ikaguliwe kama imenyooka na kama ina ufa. Gasketi yake huuzwa kwa unene wa aina tatu. Inayofaa hujulikana kwa kupima pistoni inavyochomoza juu ya bloku. Mkanda wa taimingi uwe mpya, kwani ukikatika injini inaweza kuharibika tena. Kwa hiyo tunashauri spea zisilipiwe kabla kamati haijapokea vipimo kwa maandishi.

Zaidi ya hayo, chanzo kiondolewe. Rejeta isafishwe, pampu ya maji, thermostati na mipira ya maji vibadilishwe. Tukiyaacha hayo, injini iliyotengenezwa itachemka kama ilivyochemka ya kwanza, na sadaka za waamini zitakuwa zimepotea.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, kila parokia inayotumia gari, hata kwa msiba, ichangie mfuko wa matunzo kwa kilomita zilizotembea. Mfuko huo ununue oili na filta kila kilomita 5,000, na usitumike kununulia dizeli. Pili, wafadhili wetu, ambao mmekuwa wepesi kusaidia magari, mruhusu sehemu ya msaada iende kwenye matunzo. Oili haina sherehe ya uzinduzi wala picha ya kupiga, lakini ndiyo inayomfikisha mgonjwa.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.