Kufunga Mnyororo Nyuma ya Trekta

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari ya mnyororo na trekta, na hasa habari ya mahali pa kuufunga mnyororo huo wakati wa kukokota mzigo mzito. Huenda mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya dereva, si ya mwalimu. Nami nilidhani vivyo hivyo, mpaka siku nilipoona trekta likisimama kwa magurudumu yake ya nyuma kama beberu anayetaka kupigana.

Tulikuwa tukitafuta boriti za darasa jipya. Wazee walitupa mvule ulioangushwa na upepo kando ya mto, nasi tukaazima trekta kwa jirani. Dereva alikuwa mtu mzima, hodari wa kazi yake. Aliona ya kuwa akiufunga mnyororo juu, karibu na kiti chake, utainua ncha ya gogo lisichimbe matope. Kwa upande wa gogo wazo hilo halikuwa baya. Kwa upande wa trekta lilikuwa baya sana. Alipoachia klachi, gogo halikusogea hata shubiri moja. Magurudumu ya mbele ndiyo yaliyoondoka, yakapanda hewani huku watoto wakishangilia, kwa kuwa hawakujua wanachokitazama. Akawahi kukanyaga klachi, trekta likarudi chini kwa kishindo. Aliposhuka hakuweza kuwasha kiberiti chake, jinsi mikono ilivyotetemeka. Aliwahi kwa bahati tu, maana trekta linaweza kufika mahali pasipo na kurudi kabla sekunde moja haijatimia.

Sababu yake ni hii. Injini huzungusha ekseli, na ekseli huzungusha magurudumu makubwa ya nyuma. Mzigo ukiyazuia magurudumu yasizunguke, nguvu ile haipotei, bali hulizungusha trekta lenyewe juu ya ekseli yake, pua ikaelekea mbinguni. Kinacholizuia ni uzito wa mbele. Sasa mnyororo ukifungwa chini ya ekseli, kwenye chuma cha kukokotea kilichowekwa hapo na waundaji, kila pua inapoinuka kidogo chuma hicho nacho hushuka karibu na ardhi, na mvuto wa kuliangusha hupungua. Lakini mnyororo ukifungwa juu ya ekseli, mzigo wenyewe unasaidia kumvuta dereva chali, na chuma chote kikamwangukia.

Wanafunzi wanaosikiliza wanaweza kujaribu leo nyumbani. Chukueni kiti, mfunge kamba chini kabisa kwenye miguu ya nyuma, mvute polepole: kitateleza sakafuni. Kisha fungeni kamba ile ile juu ya egemeo, mvute kwa nguvu ile ile. Ombeni ruhusa kwanza kwa mwenye kiti.

Hatari hii imejulikana tangu zamani. Trekta za Fordson, zilizoanza kuundwa kwa wingi huko Marekani katika mwaka wa 1917, ziliwaua madereva kwa namna hiyo plau iliponasa kwenye jiwe au kisiki. Harry Ferguson, fundi wa Ireland, alitumia miaka mingi kutafuta dawa yake, akabuni mikono mitatu ya kushikia plau, ambayo ilienea sana pamoja na trekta lake la TE20 lililoanza kuundwa Coventry mwaka 1946. Hata hivyo mikono hiyo ni ya plau. Mtu anayefunga mnyororo wa gogo kwenye mkono wa juu ameitangua kazi yote ya Ferguson.

Huku kwetu walikuwako waliojifunza nguvu ya mnyororo huko Kongwa, katika ule mpango wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Mnyororo mzito wa meli ulifungwa kati ya mashine mbili za minyororo, zile tuziitazo katapila, zikaenda sambamba, na vichaka vikalala mbele yao. Ilikuwa ajabu kuona, ingawa karanga zenyewe hazikuleta ajabu yo yote. Lakini katapila ni pana, na uzito wake umetandazwa chini. Trekta la magurudumu ni jepesi mbele, wala asifikiri mtu kwamba lililofanyika kwa lile litafanyika kwa hili.

Na mnyororo nao una tabia zake. Utazameni pete kwa pete kabla ya kazi. Pete iliyorefuka au yenye ufa haifai, wala msiunge mnyororo kwa kuufunga fundo. Kazeni polepole mpaka unyooke, ndipo dereva aongeze moto. Kuuacha umelegea na kuurukia kwa kasi huzidisha nguvu mara nyingi, hata mnyororo mzima ukakatika. Mkigawa miguu miwili kulizunguka gogo pana, iacheni miguu hiyo iwe mirefu, isitanuke. Ikitanuka hata nafasi kati yake kufikia digrii 120, kila mguu unabeba nguvu sawa na mvuto wote, na mgawanyo haukufaa kitu. Watu wote wakae mbali kupita urefu wa mnyororo, wala asiuruke mtu wakati umekazwa.

Tena, trekta likizama matopeni, msifunge gogo kwa mnyororo mbele ya magurudumu ya nyuma ili lipate kupanda. Magurudumu yakizuiliwa na gogo, trekta litajipindua palepale. Chimbeni, mkalitoe kwa kurudi nyuma.

Ama mvule wetu, tuliurudia kesho yake. Fundi alichonga ncha yake kama pua ya mtumbwi, tukatandika matawi chini yake, na mnyororo ukafungwa kwenye chuma cha kukokotea. Dereva alitumia gia ya chini kabisa. Kutoka mtoni mpaka shuleni ni kiasi cha nusu maili, nasi tulifika adhuhuri.