Karani Asiyejua Kukataa

Juzi nilipita Makwale, wilayani Kyela, mvua ikanikuta njiani. Mvua ya huko haimwonei mgeni haya. Nikajibanza barazani kwenye zahanati. Ndani, muuguzi alikuwa akijumlisha vitabu vya MTUHA, maana mwezi ulikuwa umekwisha: wenye malaria wangapi, wajawazito wangapi, watoto waliochanjwa wangapi. Jumla hizo huishia kwenye kompyuta.

Akaniuliza: "Kaka mwandishi, kitabu hiki nakifungia kabatini na ufunguo ninao mimi. Huko kwenye kompyuta ufunguo anao nani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nalitoa leo.

Mfumo unaopokea takwimu hizo huitwa DHIS2. Ulianzia Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuusimika kwetu. Umeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, na programu nyingi za Java huazima kifaa kidogo kiitwacho Log4j. Kazi yake ni ukarani tu. Nani kaingia, nini kimegoma, yote huyaandika daftarini.

Sasa mfikirie karani wa chama cha msingi anayepokea kakao. Unamtajia jina, anaandika. Siku moja anafika mtu na kusema: "Jina langu ni Kamlete Yule Aliyesimama Barabarani." Karani mwenye akili atacheka. Huyu wetu aliweka kalamu chini, akatoka, akamwingiza asiyemjua hadi chumba cha fedha.

Ndivyo Log4j ilivyokuwa. Tangu 2013 ilipewa uwezo wa kutii maagizo yaliyomo ndani ya maneno inayoyaandika, hata ikiagizwa kwenda kuchota programu kwenye kompyuta ya mbali na kuiendesha. Katika mchezo wa Minecraft, mstari mmoja ulioandikwa kwenye maongezi ya wachezaji ulitosha kuteka mtambo.

Chen Zhaojun wa kampuni ya Alibaba ya China aliwaarifu wenyewe tarehe 24 Novemba 2021. Desemba ilipofika siri ilikuwa nje, na uzito wa hatari ukapimwa 10 kati ya 10. Marekebisho yakatolewa, kisha marekebisho ya marekebisho, mara nne mwezi huo huo. Wizara ya Ulinzi ya Ubelgiji ilivamiwa. Watengenezaji wa DHIS2 nao ikabidi watoe dawa yao.

Kinachonikera ni hiki. Kifaa hicho, kilichokuwa ndani ya mitambo ya makampuni tajiri kuliko yote duniani, kilitunzwa na watu wachache wa kujitolea, jioni baada ya kazi zao za mshahara. Wapo waliosema kosa ni kuacha programu wazi kila mtu aisome. Mimi sikubali. Kosa ni kwamba ilikuwa wazi miaka minane na karibu kila mtu akadhani mwenzake ameisoma.

Basi, dada yangu wa Makwale, ufunguo anao fundi aliyepewa kazi ya kuweka marekebisho siku yanapotoka. Marekebisho hayatembei yenyewe. Bodi ya wataalamu wa Marekani iliandika Julai 2022 kuwa tundu hili litabaki kwenye baadhi ya kompyuta kwa miaka kumi au zaidi, kwa sababu wako wasiojua hata kama wanalo. Na sisi, kwenye bajeti zetu, fungu la kununua kompyuta huonekana haraka. Utepe hukatwa, picha hupigwa. Fungu la fundi wa kuitunza mwaka wa tatu, nani kaliona? Diwani anayenisikiliza aulize hilo kwenye kikao kijacho, na asikubali kujibiwa kwamba kompyuta bado ni mpya.

Muuguzi yule nimeshampelekea jibu. Nimemwambia pia asiache kufunga kabati.