Siku Moja Tu

 

Somo letu limo katika Waraka wa Yakobo, sura ya 4, kuanzia mstari wa 13 hadi wa 17. Tunawaomba mlisome wenyewe baada ya mazungumzo haya. Humo Yakobo anawaonya watu wanaopanga mambo ya kesho kana kwamba kesho imo mfukoni mwao. Nasi leo hatutahubiri juu ya makosa ya watu wengine. Tutawasimulia kosa letu.

Kwetu ni Ruiru. Baba yetu alifanya kazi katika mashamba ya kahawa miaka arobaini. Alianza kwa kuchuma, kisha akawa mpogoaji wa miti. Kila asubuhi alipotoka na kikapu chake aliuona mlima wa Kilimambogo upande wa mashariki, na jua likichomoza karibu nao. Wengine huuita Ol Donyo Sabuk, jina lililotoka kwa Wamaasai, maana yake mlima mkubwa. Urefu wake ni mita 2,145, na tangu mwaka 1967 umekuwa hifadhi ya taifa. Kutoka Ruiru mpaka huko si safari ya kulala njiani. Hata hivyo baba hakuwahi kufika.

Alipozeeka alituambia, "Mlima ule umenitazama miaka arobaini. Nami nataka kwenda kuutazama siku moja."

Tulicheka, tukamwahidi. Lakini mwaka huo kanisa letu lilikuwa na harambee ya paa. Tukamwambia, "Mzee, subiri tumalize paa." Paa likaisha, ikaja Kwaresima. Tukasema, "Baada ya Pasaka." Pasaka ikapita, tukapanga Jumamosi moja, hata gari tukaahidiwa. Siku ya Ijumaa tukaitwa kwenye kikao cha kamati, tukaahirisha. Baba hakulalamika. Alisema tu, "Kazi ya Mungu kwanza." Mwezi wa saba, wakati wa baridi kali, akashikwa na kifua. Tukamzika kabla ya mwezi kwisha.

Ndugu wapendwa, tumezika watu wengi, na maneno ya faraja tunayajua. Siku ile maneno hayo yalitukwama kooni.

Mwaka uliofuata, baada ya Krismasi, mama alituambia, "Sasa nipelekeni mimi." Hatukuthubutu kutaja kikao chochote. Tulikodi matatu ndogo, tukaingia na watoto, na nyanya yao akakaa mbele karibu na dereva. Tulipita Juja, tukafika Thika, tukashika barabara ya Garissa, mashamba ya mananasi yakiwa yametandazwa pande zote. Baadaye tukaiacha lami kuu tukaelekea Donyo.

Kwanza tulisimama kwenye maporomoko ya Fourteen Falls, mahali Mto Athi unapojigawa na kuanguka kwa mikondo mingi. Watoto walifurahi, wakaanza kuihesabu. Kisha mmoja akauliza, "Mbona maji yana povu, na chupa za plastiki zimejaa?" Tukamweleza kwamba Mto Nairobi huingia katika Athi, na taka za jijini huteremka nao. Nyanya yake akasema, "Aliyetupa alidhani zimepotea. Kumbe zimekuja kwa jirani." Tukanyamaza, maana tulijua kwamba wajibu unaosukumwa mbele nao haupotei. Hutungoja mahali fulani.

Langoni askari wa hifadhi walituonya tusishuke ovyo garini, kwa sababu mbogo walioupa mlima huo jina lake bado wamo msituni. Gari likapanda polepole, miti ikifunga njia kama dari. Baada ya kilomita 7 hivi tukafika penye makaburi ya Bwana William Northrup McMillan na mkewe. Huyo alikuwa Mmarekani tajiri aliyekuwa na shamba kubwa huko Juja. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikuwa mgeni wake. McMillan alikufa mwaka 1925, na maktaba iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1931 inaitwa kwa jina lake. Inasimuliwa kwamba alitaka kuzikwa kileleni, lakini mteremko uliwashinda waliobeba jeneza, wakamzika hapo njiani.

Mama alisimama mbele ya kaburi lile kwa muda. Akasema, "Huyu alikuwa na mali yote hiyo, naye hakufika juu." Kisha akarudi garini.

Kileleni tulikuta upepo mwingi na minara ya mawasiliano. Kaskazini Mlima Kenya ulionekana kwa kitambo kidogo, kisha wingu likaufunika. Watoto waliutafuta Kilimanjaro wasiuone. Lakini mama aligeukia magharibi, upande wa Ruiru. Alitafuta mashamba ya kahawa waliyochuma yeye na baba. Mengi yamekatwa viwanja, na kilichong'aa kule chini kilikuwa mabati ya nyumba. Akasema, bila hasira, "Wanangu, baba yenu hakuwaomba mali. Aliwaomba siku moja tu."

Hatukuwa na jibu. Tungeweza kusema tulikuwa katika kazi ya Mungu, lakini tulijua kwamba Bwana Yesu, katika Injili ya Marko sura ya 7, aliwakemea watu waliotumia sadaka ya hekalu kama kisingizio cha kutowatunza wazazi wao. Tukasema, "Mama, tulikosa. Utusamehe."

Mama akafungua kikapu chake. Akatoa chupa ya chai, na kikombe cha bati chenye mkwaruzo ukingoni. Kilikuwa kikombe cha baba, alichokwenda nacho shambani miaka yote. Akakijaza chai, akatupa tunywe, kisha akawapa watoto mmoja mmoja. Hakuongeza neno. Sisi ambao tumeshika kikombe mbele ya waumini Jumapili nyingi, siku ile tulikipokea kwa mikono iliyotetemeka.

Wapendwa, wahenga walisema, linalowezekana leo lisingoje kesho. Mama alitusamehe, na tunaamini Mungu ametusamehe. Lakini msamaha haukumrudisha baba apande mlima. Kuna mambo ambayo Mungu huyafuta katika hesabu ya dhambi zetu, na bado nafasi yake haitarudi tena. Ndiyo sababu Yakobo anamaliza somo letu kwa kusema kwamba mtu anayejua jema lililompasa, naye asilitende, huyo ametenda dhambi. Sisi tulizoea kuomba toba kwa mabaya tuliyoyafanya. Tangu siku ile tunaomba pia kwa mema tuliyoyaahirisha.

Basi, ni nani anayekungoja wewe? Labda ni mzazi kijijini aliyekuomba umtembelee. Labda ni mke wako, ambaye kila mwaka humwambia, "Tutaona." Labda ni ndugu mliyekosana, naye anazeeka kama wewe. Au labda ni Bwana mwenyewe, anayebisha mlangoni mwako, nawe unamwambia angoje umalize shughuli zako. Usimjibu kwa ahadi nyingine. Taja siku, na siku hiyo iwe karibu.

Tuombe. Ee Mungu, Baba yetu, uliyezipima siku zetu, tusamehe kwa ajili ya wale tuliowangojesha. Wafariji wote waliochelewa kama sisi. Utupe moyo wa kutenda leo lililo jema leo, na kuwapenda watu wetu wangali hai. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.