Udongo wa Mto Gucha na Mawe ya Manga

Mtu akiteka maji ya mto wakati wa masika na kuyaacha chunguni usiku kucha, asubuhi atayakuta maangavu juu, na chini pametua tope laini. Tope hilo ndilo liitwalo mashapo, na mawe mengi ya dunia yalianza kwa jinsi hiyo hiyo. Kwa hiyo huitwa mawe ya mashapo.

Nchi ya Kisii na Nyamira ni ya vilima, na mahali pengi hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Maji yateremkayo mashambani huchukua udongo na kuutia katika vijito, navyo vijito huutia katika Mto Gucha, ambao Wajaluo huuita Kuja. Penye mteremko mkali mto huo hubeba hata kokoto. Ukaribiapo Ziwa Victoria, nchi huwa tambarare na nguvu za maji hupungua: kokoto hutua kwanza, kisha mchanga, na tope laini kabisa huingia ziwani. Tabaka huwekwa juu ya tabaka. Uzito wa zile za juu huzikamua maji zile za chini, na madini yaliyoyeyuka majini huzigandamanisha chembe, kama saruji ishikavyo kokoto. Hapo ndipo tope linapokuwa jiwe. Lakini kazi hiyo si ya maisha ya mtu, wala ya ukoo mzima.

Atakaye ushahidi na autazame ukingo wa Manga. Mawe yake magumu meupe-meupe yalikuwa mchanga zamani sana, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kabla ya kubanwa ardhini hata yakawa magumu kuliko mawe ya kawaida ya mchanga. Mvua imekula mawe laini yaliyoyazunguka, nayo yamebaki yamesimama.

Wengi hudhani kwamba jiwe la kuchonga la Tabaka, huko Mugirango Kusini, ni la jamii hii, labda kwa sababu ya jina lake. Sivyo. Hilo lilikuwa jiwe la volkeno, likabadilishwa na maji ya moto chini ya ardhi, hata likawa laini kiasi cha kukatwa kwa kisu.

Mashapo huhifadhi pia mifupa. Katika kisiwa cha Rusinga, ambako majivu ya volkeno yalichanganyika na tope, Bibi Mary Leakey alipata mwaka 1948 fuvu la mnyama wa jamii ya sokwe aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita.

Basi, mkulima auonapo Mto Gucha umekuwa mwekundu baada ya mvua, rangi ile ni ya udongo wa juu, wenye rutuba, uliokuwa ukilisha migomba na mahindi. Penye matuta yaliyochimbwa kukingama mteremko, na majani ya tembo kupandwa juu yake, mwendo wa maji huvunjwa na udongo mwingi hutua papo hapo shambani, kwa kanuni ile ile ya chungu. Pasipo na matuta, udongo huo husafiri mpaka ziwani, na hakuna mto uurudishao mlimani.