Batobato kwa Majina Matatu: Utunzaji wa Tesauri za Kanzidata

Mwaka 1894 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Otto Warburg, aliandika kuhusu mazao ya Usambara na kueleza ugonjwa unaokunjakunja majani ya muhogo. Aliuita Kräuselkrankheit. Watafiti waliokuja kuandika kwa Kiingereza wakauita mozaiki, kwa sababu ya mabaka yake ya kijani na njano. Kwa mkulima wa Tanzania leo ni batobato. Ugonjwa ni ule ule, lakini mtafiti anayeandika jina moja tu kwenye kisanduku cha kutafutia atapata maandishi ya lugha moja na ya kipindi kimoja. Mengine yatabaki rafuni, wala hatajua kwamba yapo. Kanzidata hujibu kilichoulizwa. Haina desturi ya kumnong'oneza mtu kwamba amesahau kuuliza jambo.

Msamiati dhibiti ni dawa ya tatizo hilo. Ni orodha ya maneno yaliyokubaliwa, ambayo kila anayeandaa faharasa analazimika kuyatumia, na kila anayetafuta huelekezwa kwayo. Orodha hiyo ikionyesha pia uhusiano wa maneno yake, huitwa tesauri. Jina lenyewe ni la Kiyunani na maana yake ni hazina. Wengi hulihusisha na kitabu cha Peter Mark Roget cha mwaka 1852, lakini hazina hizi mbili zinafanya kazi kinyume. Ya Roget humfungulia mwandishi maneno mengi ili achague analolipenda. Ya mkutubi huyapokea maneno mengi na kuyafikisha kwenye moja.

Ingizo moja la tesauri ya kilimo kwa Kiswahili lingeweza kuwa hivi:

BATOBATO YA MUHOGO
Badala ya: mozaiki ya muhogo, Kräuselkrankheit
Pana zaidi: magonjwa ya virusi ya mimea
Huhusiana na: muhogo, nzi weupe
Maelezo: Usitumie kwa michirizi ya kahawia.

Mstari wa "badala ya" ndio unaomwokoa mtafiti wa hapo juu. Majina yaliyokataliwa hayatupwi. Yanabaki kama milango ya pembeni, na kila mmoja unaingia chumba kile kile. Mstari wa maelezo una kazi ya kuzuia. Michirizi ya kahawia nayo hushambulia muhogo, nayo huenezwa na nzi weupe, lakini ni ugonjwa mwingine, uliotenganishwa na batobato katika maandishi ya mtafiti H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1936. Mwandaa faharasa mwenye haraka atayatia magonjwa hayo mawili kapu moja, na kwa miaka mingi baadaye watafutaji watakuwa wakichambua mchele na pumba.

Mstari wa "pana zaidi" ndio unaoharibiwa mara nyingi. Kipimo chake ni sentensi moja: je, kila hiki ni aina ya kile? Batobato ya muhogo ni aina ya ugonjwa wa virusi, kwa hiyo inakaa chini yake. Nzi mweupe si aina ya batobato, hata kama hakuna makala inayoutaja ugonjwa bila kumtaja mdudu. Huyo anastahili "huhusiana na", basi. Kipimo hiki kinaonekana chepesi mno hata watu hukiruka, na matokeo yake ni tesauri ambamo jembe limewekwa chini ya kilimo, mkulima chini ya jembe, na mkopo wa benki chini ya mkulima.

Faida ya ngazi zilizonyooka inaonekana vizuri katika MeSH, orodha ya vichwa vya mada za tiba ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Ilipotoka mwaka 1960 ilikuwa na vichwa takriban 4,400. Leo imevuka 30,000 na hupitiwa upya kila mwaka. Anayetafuta habari za kansa humo hupelekwa kwenye kichwa rasmi, Neoplasms, na utafutaji hushuka wenyewe hadi saratani ya matiti, ya ini, ya ngozi na nyinginezo, bila yeye kuzitaja. Makala kuhusu saratani ya ini yenyewe huwekwa chini ya saratani ya ini, si chini ya saratani kwa jumla. Kanuni hiyo ya kuchagua kichwa mahususi kabisa ni ya zamani: Charles Ammi Cutter aliiandika katika kanuni zake za katalogi mwaka 1876.

Viwango vya kimataifa vipo, na kinachotumika sasa ni ISO 25964, kilichotolewa kwa sehemu mbili mwaka 2011 na 2013. Tesauri ya Kiswahili, hata hivyo, inakutana na mambo ambayo lugha za Ulaya haziyasumbukii sana. Desturi ya kawaida ni kuweka vitu vinavyohesabika katika wingi. Kwa Kiingereza uamuzi huo haumpotezi mtu, kwani umoja na wingi hutofautiana mwishoni mwa neno na kwa kawaida hukaa jirani katika orodha. Kwa Kiswahili kitabu kiko K na vitabu viko V. Jicho na macho hayaonani kabisa. Alama ya nyota ambayo mtafutaji huiweka mwishoni mwa neno ili kupata maumbo yake yote haimsaidii, maana mabadiliko yako mwanzoni: mkulima, wakulima, kilimo. Wingi unafaa zaidi, kwa kuwa kichwa kama "mkulima" husomeka kama hadithi ya mtu mmoja; lakini kamusi zimewazoesha wasomaji kutafuta kwa umoja, kwa hiyo kila umoja uingizwe kama kielekezi: "mkulima, tumia wakulima". Ni kazi ya kuchosha. Hakuna njia ya mkato.

Yapo pia maneno yenye sura moja na maana mbili. Katika kanzidata isiyo na udhibiti, anayetafuta mbuzi wa maziwa anaweza kuletewa pia mbuzi ya kukunia nazi, na anayetafuta ndege wa Bonde la Ufa akaletewa ratiba za viwanja vya ndege. Hapo neno hupewa kibainishi katika mabano: ndege (wanyama), ndege (vyombo). Upande wa pili, Kiswahili hukataa kufuata migawanyo ya lugha nyingine. Kinachoitwa kwa jina moja Uingereza, kwa Mswahili ni mpunga kikiwa shambani, mchele kikishakobolewa na wali kikiwa sahanini, na anayefasiri tesauri ya kigeni neno kwa neno atalazimika kutupa mawili kati ya hayo. Halafu kuna mipaka: maharage ya Tanzania ni maharagwe ya Kenya. Moja lichaguliwe, la pili liwe mlango wa pembeni, na asiyeridhika apewe sababu iliyoandikwa.

AGROVOC, tesauri ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, imepunguza ugomvi wa aina hiyo kwa mbinu rahisi. Haianzi na neno, inaanza na dhana, na kila dhana ina namba. Mahindi kama zao ni c_12332, na mmea wenyewe, Zea mays, una namba yake. Majina ya lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo, yametundikwa juu ya namba hizo. Jina likibadilika, namba inabaki, na makala zilizokwisha kuandaliwa faharasa haziguswi. Mfumo wa SKOS, uliopitishwa mwaka 2009 na W3C, chombo cha viwango vya wavuti, umeifanya mbinu hiyo isomeke na kompyuta za taasisi tofauti.

Majina hubadilika, tena si kwa sababu za kitaalamu peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mkutubi Mmarekani Sanford Berman alifanya kazi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Zambia. Vichwa vya mada vilivyotumika vilikuwa vya Maktaba ya Bunge la Marekani, na kimojawapo kiliwaita watu wa kusini mwa Afrika Kafirs. Msomaji wa Kiswahili analitambua neno hilo. Kusini lilikwisha kugeuzwa tusi kwa mtu mweusi. Msomaji Mwafrika alitakiwa kulipitia ili afikie vitabu kuhusu watu wake. Mwaka 1971 Berman alichapisha kitabu, Prejudices and Antipathies, kilichopekua vichwa vya aina hiyo kimoja kimoja. Mabadiliko hayakuja haraka. Maktaba ya Bunge ilitangaza mwaka 2016 kuwa itaacha kichwa Illegal aliens. Wanasiasa wakaingilia kati kuuzuia uamuzi huo, na kichwa hakikuondolewa hadi Novemba 2021.

Kwa hiyo tesauri inahitaji mwenyewe: mhariri mmoja anayejulikana, kamati ndogo ya wataalamu wa fani, na daftari la mabadiliko linaloonyesha neno liliingia lini, lilichukua nafasi ya lipi na kwa nini. Neno jipya liingie kwa ushahidi wa aina mbili, kwamba maandishi yanalitumia na kwamba watafutaji wanaliuliza. Bila hayo orodha huvimba kwa maneno ambayo kamati imeyapenda na hakuna anayeyahitaji.

Kazi ya kubandika vichwa yenyewe inaondoka mikononi mwa watu. Tangu mwaka 2022 makala za MEDLINE, kanzidata ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, huwekewa vichwa vya MeSH na programu, huku wataalamu wakikagua sehemu yake. Kuamua vichwa viwe vipi bado ni kazi ya binadamu. Taasisi inayotaka kuanza isikimbilie kununua programu. Ichapishe orodha ya maneno ambayo watafutaji wake waliyaandika mwezi uliopita wakarudi mikono mitupu, na ianzie hapo.