Umeme wa Jua Umo Kwenye Tabaka



Ukifika Busanza, sekta ya Kanombe jijini Kigali, si mbali na uwanja wa ndege, utaziona nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa ajili ya familia zilizohamishwa kutoka Kangondo na Kibiraro. Paa ni moja, milango ni mingi. Wilayani Rwamagana, kwenye mtambo wa umeme wa jua wa Agahozo-Shalom wa megawati 8.5, paneli zimetandazwa juu ya hekta nyingi. Busanza haina nafasi hiyo. Kaya ikitaka umeme wa jua hapa, fungu lake la paa ni mita chache za mraba.

Jua kali la adhuhuri humwaga takriban wati 1,000 juu ya mita moja ya mraba. Paneli yenye ufanisi wa asilimia 6 itakupa wati 60. Ya asilimia 19 itakupa wati 190. Jua lilelile, paa lilelile. Kwa sola za utando mwembamba, sehemu ya tofauti hiyo imo kwenye mpangilio wa tabaka. Nami nasema mpangilio huo ni jambo ambalo sisi wa Kigali tunapaswa kulielewa, kulipima na kulibuni wenyewe.

Paneli nyingi zinazouzwa leo ni za vipande vya silikoni vyenye unene wa mikromita 150 hivi. Sola za utando mwembamba hutengenezwa kwa njia nyingine: malighafi hupakwa juu ya kioo, na utando unaonasa mwanga huwa mikromita 2 au 3, wakati mwingine hata chini ya 1. Malighafi inayotumika ni kidogo sana. Lakini katika wembamba huo, tabaka moja likikosewa, kazi ya mengine yote hupotea.

Tuchukue paneli ya kadimiamu teluraidi. Mwanga hupita kwenye kioo, kisha kwenye oksaidi ya bati, ambayo inapitisha mwanga na umeme kwa pamoja. Hufuata tabaka la dirisha, halafu tabaka linalonasa mwanga, na nyuma kabisa metali ya kupokea umeme. Kwa miaka mingi dirisha lilikuwa la kadimiamu salfaidi. Tatizo lake ni kwamba, kama pazia, lilizuia sehemu ya mwanga wa buluu usifike ndani. Mwaka 2001 rekodi ya maabara ilikuwa asilimia 16.5, ikakwama hapo karibu miaka 10. Ndipo watafiti walipolipunguza dirisha, wakalibadilisha kwa oksaidi ya zinki na magnesi, wakachanganya seleniamu kwenye tabaka la kunasa ili lifaidi pia mwanga mwekundu zaidi. Kufikia 2016 rekodi ilikuwa imepanda hadi asilimia 22.1. Malighafi kuu haikubadilika. Kilichobadilika ni majirani zake na mpangilio wao.

Ukanda wetu una historia yake katika jambo hili. Miaka ya 1990 soko la Kenya lilijaa paneli ndogo za utando wa silikoni isiyo fuwele, za wati 12 au 14, zilizowasha taa na redio vijijini. Silikoni hiyo ina udhaifu uliojulikana tangu 1977: ikipigwa na jua, ufanisi wake hushuka kabla ya kutulia. Tiba mojawapo ni ya tabaka: badala ya tabaka moja nene, unapanga mawili membamba, moja juu ya jingine, ili nguvu ya umeme wa ndani izikokote elektroni kabla hazijanaswa njiani. Lakini mnunuzi dukani hawezi kuliona tabaka. Watafiti walipozipima paneli hizo, waligundua kwamba baadhi zilitimiza wati zilizoandikwa na nyingine zilikuwa chini mno. Matokeo yalipotangazwa hadharani, watengenezaji walibanwa wakarekebisha. Kupima kulimlinda mkulima ambaye hakuwa na chombo cha kupimia.

Kwa hiyo nina rai mbili.

Ya kwanza naielekeza kwa Bodi ya Viwango ya Rwanda na kwa wauzaji. Namba inayoandikwa nyuma ya paneli ya utando mwembamba iwe ile inayobaki baada ya paneli kukaa juani ikatulia, na ithibitishwe kwa vipimo vinavyofanyika hapa nchini. Nawe unayenunua, muulize fundi wati zitakazobaki, usiridhike na za siku ya kwanza.

Ya pili ni kwa vyuo vyetu. Kiwanda cha paneli kinahitaji mtaji mkubwa, lakini usanifu wa tabaka unaanzia kwenye kompyuta. Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, kilitengeneza programu ya SCAPS, ambayo watafiti huipata bure. Unaingiza unene wa kila tabaka na sifa zake, nayo inakokotoa ufanisi. Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha umahiri cha nishati endelevu, na Kigali ina Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Sayansi za Msingi. Wanafunzi wa taasisi hizi mbili wapewe maswali yanayotoka kwenye mapaa yetu: tabaka gani litafaa zaidi kwenye mwanga hafifu wa mawingu ya Aprili, na unene gani utatoa umeme mwingi kwa malighafi kidogo?

Tukumbuke pia kwamba madini ya bati, kasiterite, yanachimbwa Rutongo, kaskazini mwa Kigali. Kasiterite kwa asili ni oksaidi ya bati, jamaa wa tabaka lile la kwanza nililolitaja chini ya kioo. Nchi inayotoa madini hayo isikubali kuwa mnunuzi tu wa kile kinachotengenezwa nayo.

Familia ya Busanza yenye mita tatu za paa haiwezi kuongeza paa. Wanasayansi wetu wanaweza kuongeza umeme unaotoka kwenye mita hizo. Wapewe fedha, wapewe maabara, na kazi ianze.